Mgeni Niliyemtembeza Nyumba Nzima

Jamani, leo nimejichongea mwenyewe. Kwa mdomo wangu!

Baba mdogo wa mchumba wangu Divine alikuwa anatoka Giteranyi, kule Muyinga, kuja kuona nyumba yangu hapa mtaani Yoba. Akiipenda, posa inapokelewa. Asipoipenda, imekula kwangu. Sura yake siijui. Divine aliniambia tu: "Ni mwembamba, na hapendi nyumba yenye giza."

Basi wiki nzima nimeshinda juu ya paa. Nikaweka mabati ya kupitisha mwanga, nikabomoa ukuta nikatia dirisha kubwa. Mchana siwashi taa hata moja! (Kibali cha komini, yaani serikali ya hapa? Nilisema nitaomba baadaye.)

Saa nne, hodi. Mzee mwembamba, koti, daftari mkononi.

Nimekulia Tanzania, lakini mama alinifunda mila za huku kwetu: mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajanywa. Nikampa soda. Hata hajafika nusu, nikaanza kumtembeza.

"Baba, ona mwanga!"

"Iko bien sana. Nani alikuchorea plan?"

"Plan ya nini? Ni kichwa changu tu!"

"Na autorisation, ulipata?"

Nikajua ananipima uanaume. (Akili yangu leo haikuamka.) "Baba, mwanaume anaomba ruhusa ya kuweka dirisha kwake?"

Akaandika. Nikadhani anaandika sifa zangu, nikaongeza: ukuta niliubomoa Jumapili, majirani wakiwa misani.

Akamaliza soda, akashukuru. "Murakoze. Mi niko wa ofisi ya majengo, ku komini. Ukigeuza paa ao madirisha, hata kama ni ya kupunguza umeme, sheria inasema ulete plan kwanza."

"Mbona hukusema?"

"We hukuniuliza."

Akatoa rangi nyekundu, akachora X kubwa ukutani. Hapo hapo Divine akaingia na baba yake mdogo. Wa kweli!

"Kuna nini hapa?" baba mdogo akauliza.

Mkaguzi akamsomea daftari. Neno kwa neno, hadi lile la mwanaume na ruhusa. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba mdogo akatazama paa, akatazama dirisha. "Nyumba ni nzuri, ina mwanga." Moyo ukatulia. "Lakini kama dirisha tu hukuliombea ruhusa, binti yetu ungetuomba kweli? Posa tutaipokea siku utakayoleta hiyo karatasi."

Kwa hiyo ndoa yangu sasa iko kwenye foleni ya ofisi ya majengo. Msinicheke, tafadhali. Divine ameshacheka kwa niaba yenu wote.