Tumbo la Yvette Lisikatwe Kabla Ukoo Haujaulizwa

Nakivale, Base Camp
Tarehe 2 Oktoba 2013

Kwa binti yetu Yvette, huko Amerika

YAHUSU: OPERESHENI YA KUPUNGUZA MWILI, NA PINGAMIZI LANGU

Binti yangu mpendwa,

Nakusalimu katika Kristo. Sisi huku tuko wazima, mvua imeanza na maharagi yameota. Ujumbe wako tuliupata katika simu ya mdogo wako Bienfait, pamoja na maelezo ya zile namna tatu za operesheni. Umesema una kilo mia moja hamsini na moja, sukari imepanda, magoti hayakubebi tena, na munganga wa hospitali amekwambia kwamba ukiendelea hivi hutazeeka. Umesema siku imekwisha kupangwa, mwezi ujao, lakini hutalala juu ya ile meza bila baraka yangu, kwa kuwa mimi ni kaka mkubwa wa marehemu baba yako. Hapo umefanya vizuri. Adabu bado unayo.

Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini mambo ya tumbo hayasemwi kwa simu ya huku, maana sauti inafika hadi kwa jirani. Kwa hiyo nimefanya utafiti, na sasa naandika. Mama yako mkubwa Pélagie aliponiona na makaratasi mingi hivi akauliza: weye unaandikia mutoto ao unaandikia guverneri? Nikamwambia aendelee kutwanga majani yake ya sombe, hili ni jambo la ukoo. Malalamiko yangu ni haya.

1. Hukutuuliza kabla ya kuonana na huyo munganga. Yeye anajua nini? Hajui kwamba tangu tutoke kwetu Walungu, na hata kabla ya hapo, ukoo wetu haujapata kuwa na mwanamke mnene. Wewe ndiwe wa kwanza. Tulikushangilia, tukatoa na sadaka ya shukrani kanisani. Leo wa kwanza huyo huyo anataka kujiuzulu.

2. Foto. Ile foto yako umesimama kando ya gari jekundu tumeitundika sebuleni karibu na kalenda ya parokia. Wazazi wa mchumba wa Bienfait, watu wagumu wa kule Juru, waliitazama, wakanong'onezana, na siku ile ile wakakubali kuzungumza habari za mahari. Sasa ukituma foto nyingine umekonda, mimi nitawaambia nini? Watasema kumbe hata Amerika kuna njaa. Ao watasema una ule ugonjwa, maana hapa Uganda mtu akikonda ghafla hakuna anayeuliza kama ni operesheni. Yvette, tulikwisha kugawana kazi vizuri: sisi tuliobaki tunakonda, ninyi mlioenda mnanenepa. Kila mtu abaki fasi yake.

3. Kuhusu kuchagua namna. Nilipanda gari hadi Mbarara nikamwona daktari mmoja wa kliniki ya watu binafsi. Alipofahamu ninachouliza alicheka hadi akavua miwani. Alisema watu wanaokuja kwake wanataka vidonge vya kuleta hamu ya kula, na kama ninavitaka anavyo. Nikaona huyu hatanisaidia. Nikaenda Isingiro kwa mtu anayeshika matumbo kila siku, ndugu Twinomujuni mwenye bucha, nikamsomea maelezo yako yote matatu huku akipima watu nyama.

Ile ya kwanza, ya kufunga mpira sehemu ya juu ya tumbo, alisema anaielewa, hata gunia hufungwa hivyo. Mimi pia niliipenda kwa sababu inalegezwa. Ukija arusini kwa Bienfait unalegeza, unakula kama mtu, kisha unakaza tena ukipanda ndege. Lakini aliniuliza: na mpira ukikatika?

Ile ya pili, ya kukata tumbo likabaki jembamba kama mkono wa shati, ilimkasirisha kabisa. Aliweka kisu chini. Alisema: "Mzee, ng'ombe iko na tumbo ine. Ukitoa moja, inabaki na ingine. Mutu iko na moja tu, na nyinyi munataka kukata?" Wateja wote waliafiki, hata mama mmoja aliyekuwa haraka.

Ile ya tatu, ya kuunganisha utumbo upya ili chakula kisipite tumboni kote, ndiyo imenitia uchungu zaidi. Hiyo ni njia ya panya! Nimewaona wale wa mpakani Kikagate wanavyopitisha bidhaa porini kukwepa ushuru, na nimesimama kanisani nikawakemea kwa majina. Leo niibariki njia hiyo hiyo ndani ya mwili wa binti yangu?

4. Kile kipande kitakachokatwa kitapelekwa wapi? Kwetu hata kitovu cha mtoto kina fasi yake ya kufukiwa. Siwezi kukubali robo tatu ya tumbo la ukoo wetu itupwe katika ndoo ya watu tusiowajua. Nilimuuliza Twinomujuni, akasema kwake hakuna kinachotupwa, lakini sikupenda alivyoanza kufikiri, nikaaga. Nataka kipande kizikwe, na padri asome zaburi, hata ile fupi.

5. Ikiwa ni lazima ukonde, njoo ukae huku mwaka mmoja. Operesheni hiyo sisi tunafanyiwa wote kila mwezi siku ya kugawiwa posho ya wakimbizi, bila kisu na bila ganzi, na hakuna anayesumbuliwa kuchagua namna. Kama hutaki kuja, basi kabla ya kupasuliwa piga foto thelathini kwa siku moja, ukibadilisha nguo: ya Noeli, ya Pasaka, koti la baridi, moja ukiwa umeshika keki. Utakuwa unatutumia mbili kila mwaka hadi Bienfait awe na watoto wanne. Wakwe wakija kujua, watakuwa wamechelewa.

Mpaka nijibiwe yote haya, baraka yangu naizuia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe kwa magoti hayo huna la kuvunja tena.

Wasalimie wanakwaya wenzako, na yule jirani wa Meksiko anayekubebea mizigo ngazini, na watoto wake. Msalimie na munganga, mwambie simchukii. Pélagie anakusalimu mingi, Bienfait vilevile. Twinomujuni naye anakusalimu, anasema ule.

Ni mimi, nikiwa katika wajibu wa ukoo,
Baba yako mkubwa,
Appolinaire

N.B. Barua nilikuwa nimekwisha kuifunga. Jioni hii ulimpigia Pélagie kuuliza kama nimejibu, naye akaniwekea simu sikioni. Ulisema, jambo baba mukubwa. Ukapumzika. Ukasema umetoka kitandani kwenda kufungua mlango. Ukapumzika tena. Nilingoja maneno mengine, nikasikia pumzi tu, kama ya mtu aliyepandisha gunia la mihogo kilimani. Nikasema mtandao unakatika, nikamrudishia Pélagie simu yake, nikatoka nje. Mtandao ulikuwa mzuri.

Naogopa, Yvette. Baba yako alikuacha mikononi mwangu, na mimi nataka wewe ndiwe unizike, nisikuzike mimi.

Niliyoandika huko juu achana nayo. Wafunge, wakate, wapitishe hata kwa njia ya panya. Namna yoyote munganga wako atakayosema itakuacha hai, hiyo ndiyo niliyochagua na mimi. Wakwe nitawajibu mwenyewe. Baraka yangu unayo, na ya baba yako pia, nakupa kwa niaba yake. Kwa simu nimeshindwa kulisema hili, kwa hiyo Bienfait anapanda gari la asubuhi kwenda Mbarara akutumie barua hii kwa kompyuta.

Ukiamka baada ya kupasuliwa, piga simu. Hata usiposema neno, niache tu nisikie unavyopumua.