Vyumba Vilivyokataa Kuhesabika

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kanipa kazi ya mwisho ya kipindi cha majaribio: ukurasa wa tovuti ya nyumba ya wageni, uonyeshe vyumba vingapi vina watu. Mwenye nyumba anakuja kuuona Ijumaa. Ukimpendeza, naajiriwa. Usipompendeza, shemeji atanitoa kwenye kochi lake. Tayari ananitajia nyumba za kupanga kila nikinyoosha mkono kwenye sufuria.

Kazi yenyewe mchezo. Ndani ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kuna objekti moja iitwayo vyumba, kama daftari. Kila chumba chenye mtu kimeandikwa humo pamoja na mgeni wake. Nihesabu tu.

Jumanne, 4 Machi
Haihesabiki. Nimeandika vyumba.length, yaani nitajie idadi, kama nilivyozoea kwenye orodha. Kompyuta imejibu undefined, yaani haijui hata naongelea nini. Nikarudia kwa herufi kubwa. Wapi! Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, kaniuliza kama nimekwama. Nikasema nawaza. Kumwuliza Miwani? Bora nilale njaa.

Jioni nikapata akili. Nikaenda nyumba ya wageni, nikaangalia ubao wa funguo pale mapokezi. Zimetoka kumi na nne. Nikaandika 14 kwenye ukurasa. Umependeza kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Tatizo la wageni ni kuondoka. Kwa hiyo nampigia dada wa mapokezi kutwa nzima, ananitajia vyumba vyenye watu, nabadilisha namba kwa mkono. Leo kaniuliza taratibu kama kweli ni vyumba vinavyonisumbua. Nikasema ndiyo, hata usingizi sipati. Akacheka. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi simu ya mapokezi kapokea mwanamume. Mchumba wa yule dada, kumbe. Akataka kujua nina shida gani na vyumba. Nikakata, nikaiacha namba ya jana.

Mwenye nyumba akafika. Akaagiza mapokezi wamfute kwenye kompyuta yao mgeni mmoja aliyeondoka, aone namba ikishuka. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nikaanza kulikumbuka kochi kwa upendo.

Namba ikashuka. Yenyewe! Nilitaka kuibusu kompyuta. Bosi akanipa mkono, kisha mkataba. Nimeenda chooni kupumua.

Baadaye Miwani akaninong'oneza kwamba asubuhi aliiona ile namba yangu ya mkono, akaogopa tutaaibika sote, akaifuta na kuweka Object.keys(vyumba).length: kusanya kwanza majina ya vyumba, halafu hesabu hayo majina. Mstari mmoja tu. Nikamshukuru kwa kuinamisha kichwa tu, asije akavimba.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji kanibebea begi mwenyewe hadi chumba changu kipya. Njia nzima anaimba.

Kazini nimepata mteja mwingine, mfugaji. Anataka ukurasa uonyeshe kuku wangapi wamo bandani, kila kuku na namba yake ndani ya objekti. Miwani kajitolea kunieleza ule mstari tena. Nimemwambia asijisumbue, mimi sasa ni mwajiriwa.

Ila kuku hawapokei simu. Nimeshanunua mabuti.