Amplifaya ya Pili na Posa ya Mbaha

Wenzangu, leo nimeadhirika. Wala hakuna wa kumlaumu. Nimejiadhirisha mwenyewe, kwa plaizi yangu mwenyewe.

Gari langu, ile Noah, mnaijua. Wengi wenu huwa mnaisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa na amplifaya moja, aliyonifungia fundi wa Songea, inayosukuma spika za milangoni. Sauti ilikuwepo, ila besi hakuna. Mtu mzima unapita stendi ya Mbinga na hata kioo cha duka hakitikisiki. Nikaona haifai. Nikanunua sabufa, boksi kubwa kama sanduku la bibi harusi, na amplifaya ya pili ya kulisukuma.

Amplifaya imefika jana na basi. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka posa yangu kwa kina Neema, kule Mbaha, ziwani. Mwenye akili angeiacha kwenye katoni yake hadi kesho. (Mwenye akili hakuwepo nyumbani.)

Mimi ni fundi simu, nimezoea nyaya nyembamba kama unywele, nikajiambia za gari zitanishinda wapi. Kulipokucha nikaanza. Waya wa betri nikaupitisha vizuri. Waya wa kwenda kwenye bodi ya gari nikaubana vizuri. Ukabaki mmoja mwembamba, ule wa kuiamsha amplifaya. Huo unatakiwa upate umeme redio ikiwashwa na uukose redio ikizimwa. Njia sahihi ni kuuunga na wa amplifaya ya kwanza. Lakini ile iko chini ya kiti cha mbele, imefungwa kwa ustadi, na mimi nilikuwa nimejikunja nyuma kwenye buti, muda unakwenda. Nikaamua kutafuta umeme huko huko nilipo.

Sasa, kwangu ni mteremko kama kwa kila mtu Mbinga, na handibreki ya Noah ni pambo tu. Nikamwita jirani yangu Kasian akae kwenye usukani anikanyagie breki, gari lisije likaondoka nami. Akakaa, akakanyaga, akaendelea kutafuna muwa wake. Mimi nikachokonoa fungu la nyaya karibu na taa za nyuma, nikagusa mmoja kwa testa, ikawaka. Nikaunga hapo hapo. Nikamwambia awashe redio.

Jamani, besi! Kuku wa jirani walihama. Kasian alikuwa anatikisa kichwa kwa raha, mguu wake ukiwa palepale kwenye breki. Nikafunga buti nikijiona mhandisi.

(Wajuzi mmeshaelewa nilichofanya. Wasubirini wenzenu.)

Wakati wa chai akanipigia baba mdogo Kosmas, ambaye ndiye tuliyemteua akatuzungumzie ukweni. Akanikumbusha kwamba baba yake Neema, Mzee Yohana, ni mzee wa kanisa, mtu asiyependa fujo, na kwamba maneno yameshamfikia kuwa binti yake anataka kuolewa na mhuni mmoja wa muziki huko mjini. Kwa hiyo lile sabufa litoke garini kabla yeye hajapanda. Nikamwambia limeshatoka.

Halikutoka. Nililifunika blanketi, na juu ya blanketi nikapanga zawadi: gunia la maharage, mfuko wa kahawa, mkungu wa ndizi, vitenge vya mama mkwe. Ikapendeza kama altareni siku ya mavuno. Redio nikaizima kabisa. Redio ikiwa imezimwa, nani atajua?

Tukaondoka. Baba mdogo mbele, amevaa suti yake ya harusi za watu. Shangazi Matilda nyuma, akilinda zawadi. Kwa desturi mwoaji mwenyewe haendi kwenye posa, kwa hiyo mimi nilikwenda kama dereva. Nimeagizwa nikifika nibaki garini na nisiseme kitu.

Kona ya kwanza, nikakanyaga breki. Nyuma: DUM.

Shangazi akageuka, akauliza kama ni ndizi zimeanguka. Nikasema huenda. Kona ya pili, DUM. Shangazi akasema ndizi haziwezi kuanguka mara mbili. Baba mdogo, ambaye hajawahi kumiliki gari lakini ana maoni juu ya magari yote, akatamka kuwa hiyo ni shokapu. Nikaidaka ile shokapu kama mtu anayezama anavyodaka kamba. Nikasema ndiyo, baba mdogo, shokapu hizi zimechoka.

Hapo ndipo jasho lilipoanza kunitoka. Nilikuwa nimeelewa. Ule waya nilioungia ni wa taa ya breki. Ulikuwa na umeme kwa sababu ya mguu wa Kasian. Sasa kila nikikanyaga breki, amplifaya inaamka, na ikiamka ghafla inatema mshindo mmoja kwenye sabufa, redio iwake isiwake. Nikiachia, inalala. Nikikanyaga, inaamka tena. Na nyinyi mnaijua barabara ya kutoka huku milimani kushuka ziwani. Ni kona na breki, breki na kona.

Mtaniuliza kwa nini sikusimama nikachomoa waya. Waya uko nyuma ya sabufa. Sabufa liko chini ya blanketi. Blanketi liko chini ya maharage. Na maharage yako juu ya uongo niliomwambia baba mdogo. Ningeanzia wapi?

Nikajaribu kushuka kwa gia peke yake. Injini ikalia mpaka baba mdogo akaniuliza kama tunakwenda kuposa au kuzika. Nikakanyaga. DUM. Kwenye kijiji kimoja kina mama waliokuwa wanaanua mihogo walisimama wakacheza kidogo tulipopunguza mwendo. Shangazi akawapungia mkono. Alidhani tunakaribishwa.

Tukafika. Nyumba ya Mzee Yohana iko karibu na maji, na uani kumejaa chanja za usipa, vile visamaki vyetu vidogo vya ziwani, vimeanikwa vinang'aa kama sindano. Nikaegesha kati ya chanja mbili. Wazee wakapokelewa, wakaingizwa ndani. Mimi nikabaki kwenye usukani na sura ya udereva. Dirisha la sebuleni lilikuwa wazi, nikawa nasikia: salamu, sala, habari za mvua, kisha kikohozi cha baba mdogo anapojiandaa kuhutubia.

Mara akatokea bibi yake Neema, mdogo wa umbo, kanga begani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, dereva. Akasema gari linawatia kivuli usipa wake, nilisogeze. Nikamjibu nitalisogeza baadaye kidogo. Akasema jua halina baadaye.

Mtu hamkatalii bibi mkwe. Nikawasha. Hesabu yangu ilikuwa nirudi nyuma taratibu bila kugusa breki kabisa. Noah nayo ikaona mteremko, ikaanza kuufuata, chanja inakuja kwenye kioo cha nyuma. Nikakanyaga. DUM. Usipa wakaruka kwenye chanja kama wamefufuka. Nikaenda mbele, nikakuta chanja nyingine. DUM. Nikarudi. DUM. Bibi alikuwa ananielekeza kwa mikono yote miwili, na kila akisema simama, mimi nasimama, na gari linamjibu.

Na hili nimelisikia kwa masikio yangu mawili kutoka dirishani, sauti ya baba mdogo, nzito, yenye heshima:

"Kijana wetu ni mtulivu sana. Makelele hayajui kabisa."

DUM.

Bibi akasogea dirishani kwangu, akaniuliza kwa upole kama gari langu limekula leo.

Wakatoka wote. Mbele Mzee Yohana, mrefu, hana haraka. Nilitaka kushuka nimwamkie kwa adabu, akaniambia nibaki hapo hapo.

"Kanyaga," akasema.

DUM.

"Achia. Sasa kanyaga tena."

DUM.

Akalizunguka gari huku ananikanyagisha, ametega sikio kama daktari anayepima kifua. Nikatafuta msaada kwa macho, nikamwona Neema kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, anateleza polepole kwenye fremu ya mlango hadi akakaa chini. Huyo ndiye mke niliyemchagua.

Mzee akataka buti lifunguliwe. Zawadi zikaanza kushushwa. Maharage, vigelegele. Kahawa, vigelegele. Ndizi, vigelegele. Sijawahi kuona zawadi zinapokelewa kwa furaha kiasi hicho na mtoaji anaumia kiasi hicho. Likabaki blanketi. Bibi akalivuta mwenyewe.

Sasa kuna jambo sikuwaambia. Pale mbele ya sabufa nilikuwa nimeandikisha jina, kwa rangi ya dhahabu. Shangazi Matilda, ambaye huwa anasoma masomo kanisani, akalisoma kwa sauti ileile ya kanisani: "Mtikisa Mbinga."

Baba mdogo akanigeukia. "Si uliniambia limetoka?"

"Lilitoka dukani, baba mdogo." (Sijui nani aliniwekea maneno hayo mdomoni.)

Mzee Yohana akaniuliza kama mimi ni dereva au ndiye mwenyewe. Nikasema ndiye mwenyewe, baba. Mzee akatazama ziwani. Neema akaacha kucheka, akasimama. Hapo wenzangu utani uliniisha. Nilimwona baba mdogo, ambaye amenilea tangu baba yangu alipofariki, ameshika kofia yake kwa mikono miwili kwa aibu niliyomletea mimi. Nikaomba radhi. Nikawaambia waya ni wa breki, shokapu ni nzima, na baba mdogo hakujua lolote.

Mzee akageuka.

"Mwongo namwogopa," akasema. "Lakini huyu akidanganya, gari lake lenyewe linamsema. Binti yangu hatapata tabu naye."

Uani kukaangua kicheko, na baba mdogo akacheka wa mwisho, kwa shida. Posa imepokelewa, jamani. Sharti lilikuwa moja, ule waya niuchomoe mbele ya watu wote. Nikapiga magoti kwenye buti na suruali yangu ya sherehe, nikauchomoa, nikapigiwa makofi. Bibi pekee alisikitika. Alisema siku ya harusi nikija bila lile boksi nisije.

Tumerudi salama. Baba mdogo hakuninunia, ila hajanisemesha pia. Shangazi Matilda yeye ameongea njia nzima: kila tukifika kwenye kona, anasema "dum" taratibu, kisha anaangalia nje kama si yeye.

Nawaomba sana, mkinikuta mjini nisalimieni kama kawaida. Atakayetoa huo mlio, kadi ya mwaliko asiisubiri.