Nani Anasoma Bilio Kule Kisenge?

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kolwezi.

Zena, musichana ninayemupenda, hajajibu ujumbe wangu. Tangu baba yake ahamishie malori na jamaa yake Kisenge, namuandikia bure. Namuwaza mpaka chai inapoa.

Kazini: tovuti ya Tata Tshimanga, mukubwa wangu, inatangaza bilio bya muji, yaani matanga yote. Batu ba mbali wanaifungua asubuhi waone nani amefiwa. Basi hata Zena! Mugeni akiingia, anaulizwa kama anakubali makampuni ya matangazo yamufuate, yajue anasoma nini na yuko wapi. Jibu linakuja kama mustari murefu wa herufi, pamoja na makatazo ya Tata: kampuni gani isifanye nini, hata mugeni akikubali. Tata anataka programu ya kuyasoma. Guelord wa meza ya pili alinyoosha mukono. Nikamuwahi!

Jumanne, tarehe 4.

Programu inatembea! Kila katazo la Tata limeandikwa sifuri. Maelezo ya namba hizo sikuyafungua, marefu mno. Sifuri ni hakuna kitu, hata mutoto anajua. Kwa hiyo hakuna katazo! Nikafungulia makampuni yote bila kusoma majibu ya wageni, hata ile inayoonyesha mugeni yuko muji gani. Mara, mutu mumoja: Kisenge! Moyo wangu, jamani! Nimenyoa ndevu.

Jumatano, tarehe 5.

Balaa. Mama Kankolongo alikuja akilia. Chini ya picha ya marehemu bwana yake kuko tangazo la nguo za arusi. Alisema maiti haijazikwa, tayari tunamuoza! Guelord akaeleza, bila kuulizwa, kwamba sifuri ni marufuku kabisa. Mushenzi! Tata hakupiga kelele. Alinituma matangani kwa mama huyo, nikabebe biti bya plastiki bya kukalia wageni.

Alhamisi, tarehe 6.

Nimebeba biti, nimechota maji. Bilkisi, mudogo wake Zena, alikuwepo, amefika na lori toka Kisenge. Nilimuuliza kwa ujanja, yaani moja kwa moja. Akasema dada yake anasoma bilio kila asubuhi. Kila asubuhi! Akasema pia Zena ameomba nisimuandikie tena. Nilikaa chini nikalia kweli. Bamama wakanisifu, eti nilimupenda sana marehemu.

Ijumaa, tarehe 7.

Programu amepewa Guelord. Mi nilibaki na mustari mumoja tu, ule wa Kisenge. Safari hii nimeusoma polepole, na maelezo mukononi. Amekataa! Kila kampuni, kila ombi, hakuna hata mumoja aliyeruhusiwa kumufuata. Nimebusu ekran ya kompyuta. Mwanamuke anayekataa wote namna hii, si ananingojea mi? Lori la Kisenge linaondoka kesho alfajiri. Begi tayari.