Kasa wa Mzee Kombo

Kitu cha kwanza nilichoona ni kwapa. Mgeni aliingia karakana yetu ya Ngamiani amebana magogo mawili ya mpingo kwapa moja, kama mtu anayetoka dukani na mikate. Gogo la mpingo la ukubwa ule tunalibeba watu wawili, na njiani tunapumzika.

"Shikamoo, fundi wa mafundi!"

"Marahaba." Mzee Kombo akaweka tezo chini. Huiweka kwa mambo mawili tu: adhana na sifa.

Mgeni aliitwa Idarusi. Mpingo ule, alisema, ameutoa Horohoro kwa shida, lakini kwa kuwa anaheshimu kazi ya mikono, yuko radhi kuubadilisha na kasa aliyekuwa mezani. Kasa yule, mpingo mtupu, alichongwa miezi miwili. Mtu wa hoteli ya Pangani angemfuata Ijumaa, naye ndiye mteja pekee tuliyebaki naye.

"Kasa ana mwenyewe," alisema Mzee Kombo, macho kwenye magogo.

"Kwa magogo haya utamchongea mwenyewe kasa wanne."

Mzee Kombo akafikiri kwa muda wa kumeza mate. "Ongeza na saa hiyo."

"Mzee, hii saa ya marehemu baba!"

"Basi nenda nayo, na magogo yako."

Idarusi akavua saa. Mtu anayelipa kwa mkorosho uliopakwa oili chafu hana sababu ya kugombania saa.

"Najat, mfunge kasa."

Mimi mbele ya wageni sina sauti. Nikampeleka kasa uani, nikamfunika magunia. Chini ya magunia yale alikuwapo kasa mwingine, wa mkorosho, mweusi kwa dawa ya viatu. Huyo ndiye niliyemfunga kwenye kanga kuukuu, pamoja na kinoo cha kunolea patasi, apate uzito.

Mzee Kombo alikuwa anajaribu saa. Idarusi akafunua kanga kidogo, akapapasa shingo ya kasa.

"Hii mikono ya fundi," akasema, akapanda bajaji.

Alasiri Mzee Kombo akapasua gogo la kwanza. Ndani lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akakaa juu ya maranda.

"Najat, nimekwisha. Ijumaa nitampa nini yule mtu?"

Nikamleta kasa wake, nikamweka mezani. Akamtazama, kisha akatazama mahali kinoo kinapokaa.

"Kumbe umemfungia kinoo! Mtoto, macho yako yako wapi?" Akainua mikono. "Alhamdulillahi, kwa upofu wako."

Mpaka leo anawasimulia watu, akiangalia saa, jinsi msaidizi wake asiyeona alivyomfungia tapeli jiwe tupu. Watu hucheka. Mimi hupiga msasa.

Halikuwa jiwe tupu. Juu yake alikuwapo kasa, na kasa yule nilimchonga mimi.