Stendi ya Samaki wa Mama Zarna

Jumamosi, 15 Machi 2025

Samaki wamefika! Watatu, wa rangi ya chungwa, ndani ya tangi la kioo la futi mbili. Nimewaita Hesabu, Fizikia na Kemia, kwa heshima ya masomo yaliyonishinda Kidato cha Nne. Hawa nitawaelewa.

Ni wa Mama Zarna, mwenye duka la nguo mjini Nyeri, ambako mimi na binamu yangu Lynn tulisaidia kuuza Desemba. Anahamia Nairobi kwenye nyumba ndogo. Amelileta tangi mwenyewe hapa Wamagana kwa Cucu, nyanya yangu ninayeishi naye, na tukaliweka sakafuni. Kuku mmoja akaingia akaanza kunywa.

"Beta, hii samaki si kuku," Mama Zarna akaniambia. Beta ni mtoto, kwa Kihindi chake. "Haiwezi kaa chini. Tarehe sita Aprili nakuja kuaga. Kama hakuna stendi ya mbao, Lynn atachukua."

Lynn anakaa Giakanja na tayari ana stendi, ya chuma. Amenitumia picha yake mara tatu. Sijamjibu. Sijui mtu hujibu nini stendi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimechora ramani ya stendi. Safi sana, kwa rula. Nikaenda nayo kwa Gicheru, seremala wa pale sokoni, nimwombe anikatie mbao. Nikakuta wanaume wanne. Wote wakanitazama. Gicheru akauliza nataka nini. Miiko ya kusongea ugali ilikuwa imetundikwa ukutani.

Nimerudi na mwiko.

Jumanne, 18 Machi

Tena kwa Gicheru. Leo kulikuwa na mwanamume mmoja tu. Mwiko wa pili. Cucu ameuliza kama kuna harusi ambayo hajaambiwa.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepata njia! Cucu ameegemeza viazi vikuu vyake kwenye vijiti vinene vya mti wa mukungugu. Mti laini, msumeno unapita kama kwenye sabuni. Na hakuna mtu wa kuongea naye. Nikang'oa viwili, kama ramani inavyosema.

Nimejenga. Stendi inaanguka mbele. Nimeigeuza. Inaanguka nyuma. Nimepima tena kila kitu. Vipimo ni sawa kabisa. Sielewi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeelewa wakati wa chai. Nilichora stendi nikiitazama kutoka mbele. Kutoka mbele miguu huonekana miwili.

Nimerudi shambani kung'oa miwili ya nyuma. Juu nimepigilia mlango wa zamani wa banda la kuku. Imesimama! Tangi liko juu. Fizikia alionekana amefurahi, ingawa huenda alikuwa anageuka tu.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya kanisa Cucu amekuta viazi vikuu vinne vimelala chini, vijiti havipo. Ameamua mwizi ni Nderitu, jirani yetu, kwa sababu aliwahi kuazima jembe akalirudisha bila mpini. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema chai iko tayari.

Haikuwa tayari.

Jumanne, 25 Machi

Sisimizi! Wanapanda miguu ya stendi wakitafuta chakula cha samaki. Nimekumbuka kabati la zamani la Cucu: kila mguu ulikaa ndani ya mkebe wa maji, na sisimizi wakakoma. Nimefanya hivyo. Mikebe minne, nabadilisha maji kila asubuhi. Mtu akisema sikujifunza sayansi, aje aone.

Cucu hamsalimii Nderitu tena. Nderitu ameniuliza kwa nini. Nilikimbia.

Jumatano, 2 Aprili

Kuna kitu cha kijani kwenye mguu wa nyuma. Nilidhani ni rangi. Nikakifuta. Hakifutiki.

Ijumaa, 4 Aprili

Ni majani! Miguu yote minne. Nimeyachuma asubuhi, na bado kuna machipukizi mengine chini yake. Sasa nimechanganyikiwa. Stendi ikiwa hai, bado ni ya mbao? Mama Zarna alisema mbao.

Nimechukua vitambaa vya Cucu vya kufuma, vile vya kufunika viti, nikavifunga kwenye miguu. Stendi inaonekana kama imevaa soksi. Cucu amesema ninaanza kupenda usafi. Sijalala vizuri.

Jumapili, 6 Aprili

Mama Zarna amekuja, na Lynn pamoja naye. Akaisukuma stendi kwa kidole. Haikutikisika. Akasema kazi nzuri. Nilikuwa mshindi kwa muda wa nusu kikombe cha chai.

Kisha mbuzi wa Cucu akaingia. Akanusa. Akavua stendi soksi moja. Majani yakatokea, mengi, na mbuzi akaanza kula.

Cucu akaweka kikombe chini. "Nduta. Hii si miti yangu?"

Sikuwa na chai ya kutangaza. Walikuwa wanainywa.

"Nimemnyima Nderitu salamu wiki mbili," akasema polepole. "Mpaka kanisani."

Mbuzi akavuta zaidi. Mguu ukatoka. Stendi ikapiga magoti, tangi likateleza hadi kwenye kochi, zima, lakini maji yakaingia kwenye mkoba wa Mama Zarna. Tuliwaokota samaki tukawatia katika sufuria ya maziwa.

"Beta," Mama Zarna akauliza, akimwaga maji kutoka mkobani, "hii ni stendi ama ni chakula ya mbuzi?"

Wameondoka na Lynn. Hesabu, Fizikia, Kemia. Lynn amesema kwa upole kabisa kwamba ninaweza kuja kuwaona Jumamosi. Upole ndio ulioniliza.

Jumatatu, 7 Aprili

Cucu ameirudisha miti minne shambani. Kisha akanituma nikamwombe Nderitu msamaha kwa mdomo wangu. Nimemtundikia mwiko langoni. Naamini ameelewa.

Nimefikiria kosa langu kwa kina, tangu asubuhi hadi mchana. Kosa lilikuwa mbuzi. Angekuwa amefungwa, samaki wangekuwa hapa.

Kwa hiyo nimechora ramani mpya, ya rafu ya Biblia ya Cucu, kumfurahisha. Ina miguu miwili. Safari hii sitaiba. Nimeenda moja kwa moja kwa Gicheru. Wanaume walikuwa sita.

Gicheru akatabasamu. "Dada, leo ni mbao ama ni mwiko?"

Nikavuta pumzi. Nikajibu kwa sauti kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa maishani.

"Mwiko."

Jioni nimepita kwenye viazi vikuu. Miti ile minne imeshika vizuri. Hata majani imeongeza. Nahitaji miwili tu.