Kipimo cha Kupindua Kopo

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, na Idara ya Uthabiti wa Vipodozi ikautangazia umma kwamba taifa halitadanganywa tena na losheni.

Mimi ni karani wa Idara. Kusoma nilianza ukubwani, darasa la jioni, nami humshukuru Mungu kwamba mkono wangu ndio ulioandika waraka ule mtukufu. Ulipiga marufuku unga wa gamu, ule unaotiwa kidogo tu losheni ikawa nzito na mafuta yasijitenge na maji. Uzito wa kuongezewa ni ulaghai, alisema Mkurugenzi. Losheni ijitegemee.

Kifungu cha pili kilibaki cha zamani: losheni halali ni ile ambayo kopo likipinduliwa juu ya kichwa cha mkaguzi, haidondoki.

Nilimuuliza Mkurugenzi kama vifungu hivyo vinaelewana.

"Karani, wewe andika. Kuelewana ni kazi ya wanandoa."

Wa kwanza kuitwa kwenye kipimo, mbele ya wageni na wapiga picha, alikuwa mama mtengeneza losheni wa mtaa wa nyuma. Leseni yake ilikuwa inaisha saa sita mchana. Bila mpya, karakana inafungwa, na dada zake wawili wanaokoroga naye hawana kazi. Kwa kutii waraka, hakutia gamu hata chembe.

"Mzee, nakuomba usilipindue kopo," alimwambia Mkurugenzi. "Humo sasa ni mchuzi mtupu."

"Unanifundisha kazi, mama?"

"Hapana, baba. Naionea huruma suti."

Wageni walicheka. Mkurugenzi akamsukuma mkaguzi kando, akakaa mwenyewe kwenye kiti cha kipimo, akawatazama wapiga picha, akapindua.

Yalitangulia maji. Mafuta yakafuata taratibu, kwa kuzingatia ngazi za utumishi: kipara, nyusi, tai, mwisho waraka uliokuwa mapajani. Nilisali kimya, kisha nikaandika: "Losheni imejitegemea."

"Macho yangu! Taulo!"

Mama alikuwa na taulo begani. Hakulitoa.

"Leseni kwanza, baba. Na gamu yangu."

"Utapata!"

"Sema kwa sauti, watu wasikie."

Nami nikamwomba aseme polepole, maana mwandiko wangu bado ni wa darasa la jioni.

Mkurugenzi akasimama, macho kayafumba, akachuruzika mbele ya wote.

"Naahidi: leseni ya mama huyu naisaini kabla ya saa sita. Gamu inarudi leo. Na kopo lolote litakalopinduliwa tena na Idara hii, litapinduliwa juu ya kichwa changu."